Kiyoyozi cha Mzee Athumani

Arobaini ya Bi Zuhura ilikwisha kwa pilau na dua. Wageni walipokwisha kuondoka na masufuria ya kuazima kurudi kwa wenyewe, mwanawe Rashidi alinipigia simu nyumbani kwangu Unyambwa, akaniomba niende na vifaa vyangu. Nyumba inapangishwa, alisema, na mpangaji hakitaki kile kiyoyozi cha zamani cha sebuleni, nimsaidie kukiteremsha. Angeweza kukiteremsha mwenyewe. Kazi ya viyoyozi ndiyo iliyomlea Dar es Salaam, na ni yeye aliyenifundisha mimi, tena kwa simu, kabla hatujawahi kuonana uso kwa uso. Lakini nilimwelewa. Kuna vitu mtu hataki kuvifungua akiwa peke yake, hata kama bisibisi anazo. Nikachukua ngazi na mkoba wangu, nikamwambia mume wangu asinisubiri kwa chakula cha mchana, nikaenda mjini.

Sebule ile naijua kuliko sebule yangu. Makochi yalikuwa yale yale ya mbao nzito, yamevalishwa vitambaa vya kufuma mpaka kwenye mikono. Kabati la vyombo visivyotumika lilisimama palepale, na dirisha lilikuwa lile lile linalotazama baraza. Juu ya dirisha, kiyoyozi kimegeuka rangi, kimekuwa kama meno ya mvuta tumbaku. Bi Zuhura hakuruhusu kiwashwe tena tangu alipofiwa na mumewe, lakini kila Ijumaa alikifuta vumbi kwa kipande cha khanga. Kochi lililo chini yake bado lilikuwa na doa la maji, na mtu akiniuliza ujana wangu ulikwenda wapi, naweza kumwonyesha doa hilo. Nilikaa katika nyumba hiyo mwaka mmoja na siku kidogo. Mpaka leo, nikitaja maisha yangu, naanzia hapo.

Habari za kwetu Kinyangiri nitaziacha. Nilikuja mjini na cherehani, na hiyo inatosha. Bi Zuhura alinipa chumba cha uani na nafasi ya kushonea mbele ya duka la mumewe. Yeye alikuwa mtu wa Tanga, ameletwa Singida akiwa bibi harusi, na hakuwahi kuusamehe mji huu vumbi lake. Mumewe, Mzee Athumani, baba yake alitoka pwani na mama yake alikuwa Mnyaturu, kwa hiyo alikuwa na ukaidi wa sehemu mbili. Aliuza mafuta ya alizeti. Msimu ukifika alikwenda Iguguno kununua mbegu, akazikamua, akayajaza mafuta kwenye chupa, na kila chupa aliiziba kwa gunzi la muhindi alilolichonga mwenyewe. Vifuniko vya plastiki vilikuwepo, tena vya kumwaga, lakini yeye alisema vinayatia mafuta harufu. Nikimkumbuka, namwona kwenye kiti chake cha kukunja pale barazani, mgongo umeelekea dirisha la sebule, kisu kidogo mkononi, maganda ya gunzi yamejaa kwenye kanzu. Asubuhi nilipompigia shikamoo aliitikia "marahaba" bila kuinua macho, halafu akauliza, "Leo unamshonea nani kaburi?" Maana yake nguo zangu za siku zile zilikuwa zinabana.

Nyumba ilikuwa na kidonda kimoja, nacho ni Rashidi. Mtoto wa kiume pekee, alitumwa Dar es Salaam kuleta bidhaa, bidhaa zikaja, yeye asije. Akaandika kwamba duka halimo moyoni mwake, anajifunza ufundi wa viyoyozi. Mzee alisema maneno mazito, na Rashidi akayajibu, jambo ambalo katika nyumba ile lilikuwa kubwa kuliko kuondoka kwenyewe. Tangu hapo Mzee hakulitaja jina lake. Akimtaja, alisema "yule fundi wa upepo." Bi Zuhura alimsihi mumewe ashike simu, aseme walau neno moja. Jibu lilikuwa lile lile: mzazi hampigii mtoto aliyemkosea, na radhi haiombwi kwa simu. Mtoto anakuja kwa miguu yake, anakaa chini, anashika miguu ya baba, yanaisha. Hivyo ndivyo yeye alivyomwomba radhi baba yake, na baba yake vilevile.

Basi Rashidi, kwa kutojua njia nyingine, akatuma kiyoyozi. Kilikuja juu ya lori la mizigo, kimefungwa magodoro, na rafiki yake aliyekuwa akipita kwenda Mwanza akashuka siku moja kukifunga. Majirani walikuja kukitazama na kucheka. Singida! Mji ambao upepo unakuvua kilemba ukiwa unakwenda kuzika, leo mtu ananunua upepo! Mzee hakucheka. Alisimama mlangoni, akakitazama kile kitu cheupe ukutani mwake, akasema, "Radhi haiji kwa lori." Akarudi kwenye kiti chake. Kiyoyozi kilipokuwa kinawashwa, hakuingia sebuleni hata kula. Bi Zuhura alimpelekea sinia barazani.

Kilipoharibika mara ya kwanza, kiliharibika kwa haki. Ulikuwa msimu wa upepo, vumbi linaingia mpaka kwenye chumvi, na mashine ikawa inapumua kama mgonjwa. Macho ya Bi Zuhura yalikuwa yameanza kufifia, kwa hiyo alinipa simu yake. "Zungumza naye wewe, mwanangu. Mimi nitashika nini pale juu?" Ndipo nikaisikia sauti ya Rashidi kwa mara ya kwanza. Sauti nzito, ya polepole, ya mtu aliyezoea kuwaeleza watu walio juu ya ngazi.

"Dada Eliwaza, usiogope. Anza na kilicho rahisi. Zima swichi kubwa. Umezima?"

"Nimezima, kaka."

"Fungua mfuniko wa mbele, unafunguka kwenda juu kama mlango wa kabati. Toa chujio. Lina hali gani?"

"Limekuwa blanketi."

Akacheka. Aliniambia nilioshe kwa maji matupu, nilianike kivulini, jua lisije kulipinda. Nikafanya, hewa ikaja kwa nguvu, na mimi niliyekuwa sijui hata kubadilisha balbu nikajiona mtu mkubwa. Bi Zuhura alinichinjia kuku. Wakati nilipokuwa na simu sikioni niliona kisu cha Mzee kimetulia kule nje. Nilidhani amesinzia.

Baada ya hapo kiyoyozi kikawa mgonjwa wa kudumu. Kuna siku kiligoma kuwaka, kumbe betri za rimoti zimegeuzwa kichwa chini. Kuna siku kilitoa joto badala ya baridi, kumbe rimoti imebonyezwa. Mashine ya nje ilizima kwa kuchemka, nikaikuta imefunikwa kiroba cha alizeti. Bi Zuhura alisema labda ni watoto wa jirani. Umeme nao ulikuwa unapanda na kushuka, Rashidi akatuma stebilaiza kwa basi, na ugonjwa huo ukapona. Lakini maji ndiyo yaliyotusumbua zaidi. Yalitiririka ukutani yakalowesha kochi, na kila mara Rashidi aliniambia jambo lile lile: mashine inayotoa baridi inatoa jasho, jasho lina bomba lake la kwenda nje, na likimwagika ndani, bomba limeziba. Panya, nyigu, uchafu. Nizibue. Nilizibua kutoka ndani kwa kupuliza kwa mdomo, kitu kikadondoka huko nje, nikashukuru Mungu bila kwenda kutazama ni kitu gani.

Niliona kwa bahati. Nilikuwa nimekwenda sokoni kutafuta uzi, uzi haukuwepo, nikarudi mapema kwa mlango wa uani. Mzee Athumani alikuwa amechuchumaa barazani, pale bomba la maji linapotokeza ukutani, karibu na kiti chake. Mkono mmoja ameshika bomba, mkono mwingine anazungusha kizibo cha gunzi ndani yake, taratibu, kwa utaalamu, kama anavyoziba chupa ya mafuta. Nilisimama. Akageuka. Sijawahi kumwona mtu mzima wa heshima ile akiwa na uso wa mtoto aliyekutwa kwenye sukari.

"Umeona?" akauliza.

"Nimeona, Mzee."

"Umeona nini?"

Nikafikiri. "Sijaona kitu, Mzee."

"Marahaba," akasema, ingawa sikuwa nimemwamkia. Akajiinua kwa kushika ukuta, akakaa kwenye kiti. Nilikuwa nimekwisha kupita aliponiita. Hakunitazama, aliyatazama mawe makubwa yale ya mji wetu, kule ng'ambo ya barabara. "Mashine ikiwa nzima, hapigi," akasema. "Anampigia mama yake Idi kwa Idi, maneno mawili, yamekwisha. Ikiugua, anazungumza mpaka ipone." Kisha akasema, "Anajua kazi, eeh?"

"Anaijua sana, Mzee."

"Namsikia. Hana papara." Akachonga kidogo. "Usimwambie. Wala yeye, wala mama yake. Hata nikifa. Akija, aje kwa sababu amejua mwenyewe kwamba ana baba. Asije kwa kumhurumia mzee anayechezea mabomba."

Nikaapa. Nilikuwa binti wa watu, ninakula chumvi yake, na mzee wa kiasi kile alikuwa ameniomba mimi siri. Nilijiona nimepewa cheo. Leo nina nywele nyeupe zangu mwenyewe, na sikihesabu tena kiapo kile kuwa cheo. Kwetu tumefundishwa kwamba siri ya mkubwa haitoki. Hatukufundishwa la kufanya siri hiyo inapomuumiza huyo huyo aliyekupa.

Tangu siku ile nikawa mshirika wake. Gunzi likiingia kwenye bomba, maji yalianza kutiririka, Bi Zuhura akapiga kelele, mimi nikapiga simu. Niliweka spika, nikaiegemeza simu kwenye nondo za dirisha, nikisingizia kwamba mikono yangu ina kazi. Na ili Rashidi asikate upesi, nikawa mtu wa maswali mengi. Gesi inakaa wapi? Kwa nini barafu inaota kwenye bomba la shaba wakati hewa haitoki? Wewe huko umeshakula? Mnapika nini? Kuna mvua? Alijibu yote. Alieleza namna gesi inavyokwenda nje kumwaga joto na kurudi ndani kuchukua jingine, akaeleza chumba chake cha Kariakoo, akaeleza jinsi alivyoanguka kutoka ghorofani siku moja akashikiliwa na kamba. Nje, kisu kilinyamaza. Alipofika hapo pa kamba nikasikia Mzee anasema kwa sauti ndogo, "Subhanallah." Kazi ninayoifanya mpaka leo, inayosomesha wanangu, niliipata katika maswali yale. Niliyauliza kwa ajili ya masikio ya mtu mwingine, na majibu yakabaki kwangu.

Siku moja, katika msimu wa joto kabla ya mvua, Rashidi aliyakatiza maelezo yake. Akasema, "Dada Eli, hii mashine inanishangaza. Nimefunga mamia, sijaona inayoziba namna hii. Au nije mwenyewe niitazame?"

Nilitazama dirishani. Mzee alikuwa amegeuka. Kwa mara ya kwanza nilimwona ameuelekeza uso wake wote ndani ya sebule, mdomo uko wazi kidogo, kidole kimesimama kwenye punje ya tasbihi. Sikuweza kumsemea. Niliweza kusema langu tu. "Njoo, kaka Rashidi," nikasema, na sauti ilinitetemeka. "Njoo wewe mwenyewe. Tafadhali. Hapa tunakungoja."

 Kisha akasema, polepole zaidi kuliko kawaida yake, "Haya. Nitaona."

Mzee aliichukua "nitaona" kama "nakuja." Kesho yake alikwenda kunyoa. Alimwambia Bi Zuhura atafute jogoo, asimchinje kwanza, amfunge tu. Jioni, saa ya mabasi ya Dar kuingia, alivaa kanzu ya Ijumaa ingawa haikuwa Ijumaa, akakaa barazani na kiti kimegeuzwa kuelekea barabarani. Bi Zuhura alimwuliza anamngoja nani. "Nangoja mtu wa alizeti," akasema. Alimngoja huyo mtu wa alizeti siku baada ya siku, na kila jioni nilipokuwa nafunika cherehani yangu nilimwona anakunja kiti kwa mikono isiyo na haraka. Jogoo alizoea kamba, akaanza kuwika humo humo uani. Nilimpigia Rashidi kwa siri, nikamwuliza anakuja lini. Alinijibu kwa adabu nyingi kuliko ilivyohitajika, akasema kazi imembana, na akaongeza kwamba mashine ikisumbua tena nitafute fundi wa hapo hapo mjini. Sikumwelewa. Nilimwona mtu mwenye moyo mgumu, nikamlaani kimoyomoyo. Ningeweza kusema palepale: si mashine, kaka, ni baba yako. Maneno yenyewe ni machache. Lakini nilikuwa nimeapa.

Siku aliyokufa Mzee, kochi liliwahi kulowa kabla ya chakula cha mchana. Bi Zuhura aliniita, "Eliwaza, kilio kimeanza tena, mpigie mwenzio." Nilipanda juu ya kochi, nikaegemeza simu dirishani, nikapiga. Haipatikani. Nikapiga tena. Mzee alikuwa kwenye kiti chake, mgongo kwetu, kichwa kimeinama upande wa dirisha kama siku zote alipokuwa anasikiliza. Nilimwacha kwanza, nikiona aibu kumpa habari mbaya. Nilipotoka nje kumwambia kwamba simu haipatikani, kisu kilikuwa kimeanguka miguuni pake. Alizikwa siku ya pili yake. Rashidi alifika kwa basi la jioni, akakuta watu wanarudi kutoka makaburini na majembe. Nakumbuka alivyosimama barazani na begi mkononi, hajui aliweke wapi. Sikumwambia kitu. Mwenye siri alikuwa ameondoka nayo, nami niliona kumpa mfiwa mzigo kama ule ni ukatili. Haukupita muda nikarudi Kinyangiri, kisha nikaenda chuo cha ufundi, maisha yakanichukua.

Basi juzi tulikuwa tena katika sebule ile, mimi na Rashidi, ndevu zake zimekuwa nyeupe. Tulifungua mfuniko, tukalegeza mabomba ya shaba. Gesi ilikwisha kutoroka zamani. Tukakiteremsha kiyoyozi sakafuni. Mimi nilipanda tena ngazi kung'oa misumari, yeye akaenda barazani kulivuta bomba la maji.  Alipoingia alikuwa na kipande cha bomba mkononi, kimeziba. Akakikata kwa kisu, akakitoa kitu kilichokuwemo, akakiweka kwenye kiganja. Gunzi lilikuwa limekauka na kuwa jeusi, lakini mchongo ulionekana: pana juu, jembamba chini, na duara moja la kisu karibu na kichwa, ili vidole vipate pa kushika. Alikulia katika duka la chupa zile. Hakuhitaji kuuliza ni kazi ya nani, akauliza hata hivyo.

"Eli. Hii ni nini?"

Nikashuka kwenye ngazi, nikakaa kwenye kochi lenye doa. Nikamwambia. Bi Zuhura naye amekwisha kwenda, nikasema moyoni, sasa nimebaki mimi peke yangu na kiapo kisicho na wenyewe. Nilimweleza yote, kiroba, betri, spika, jogoo. Alinisikiliza akiwa amesimama, na nilipofika kwenye kanzu ya Ijumaa akatafuta mkono wa kochi, akakaa.

"Mimi nilidhani ni wewe," akasema.

"Mimi?"

"Nilijua mtu anaiharibu. Fundi gani asingejua? Nikasema ni huyu binti. Maswali yale yote, umekula nini, kuna mvua... Halafu ukaniambia njoo, na sauti inatetemeka. Nilikuwa nimekwisha kuchumbia, Eli. Nikasema nikienda, nitamtia mtoto wa watu matumaini bure. Ndiyo maana sikuja. Nilikuwa najizuia kwa heshima."

Nilitaka kucheka, kwa sababu kwa miaka yote hii mimi nilikuwa nimemwekea jina la mwenye moyo mgumu, kumbe yeye aliniwekea jina la mwenye mapenzi. Kicheko hakikutoka. Alilizungusha lile gunzi kwa vidole viwili.

"Ningejua ni mzee," akasema, "ningepanda basi siku ile ile. Kwa miguu yangu. Ningekaa chini, nikamshika miguu." Akafuta macho kwa kiwiko, maana mikono ilikuwa na vumbi. "Alikuwa anakaa wapi hasa?"

Nikampeleka nje nikamwonyesha. Kiti cha kukunja hakipo tena, lakini sakafu ina alama za miguu yake minne. Rashidi akakaa chini pale pale, mgongo ameegemeza ukutani chini ya dirisha, kizibo kiko mkononi. Akaniomba nirudi ndani, nisimame nilipokuwa nasimama, niseme kitu.

"Niseme nini?"

"Chochote. Yale yale."

Nikaingia. Nikapanda juu ya kochi, nikatazama mahali kiyoyozi kilipokuwa, pamebaki ukuta mweupe na matundu ya misumari. Nikaanza kwa sauti ya kawaida, kama alivyokuwa akiniambia. "Usiogope. Anza na kilicho rahisi. Zima swichi kubwa. Fungua mfuniko, unafunguka kwenda juu kama mlango wa kabati. Toa chujio. Lioshe kwa maji matupu, ulianike kivulini..." Nikaendelea hivyo, bomba, barafu, gesi inayokwenda na kurudi, mpaka maneno yakaniishia.

 Nilikaribia kuchungulia, ndipo aliposema, taratibu, kwa sauti ile ile ya simu.

"Inasikika, Eli. Kila neno linasikika."